Msahihishaji

Mjini Tartu, theluji ya Februari ikiwa magotini,
watu wanakisoma kitabu kimoja
kama wachambuao mchele: kidole, jicho, kidole,
wakitafuta jiwe lisilotaka kuonekana.

Arved Lilleoja alikufa kabla wino haujakauka.
Aliacha sanduku la chuma, kufuli la herufi saba,
na barua ya mstari mmoja:
Neno limo riwayani.
Sanduku liko dirishani, duka la vitabu mtaa wa Rüütli,
kati ya kalenda za mwaka jana na paka wa mwenye duka.
Kila mtu ana jaribio moja.
Jina lako linaandikwa daftarini,
na mwenye duka hasahau sura.

Endel, aliyefundisha hesabu miaka arobaini,
amehesabu mikato yote: elfu tisa na kumi na moja.
Amegawa kwa saba. Zimebaki mbili.
Hizo mbili zinamnyima usingizi.

Õnne, muuguzi wa zamu ya usiku,
anapima mistari kwa rula ya kupimia vidonda.
Mapacha wa ghorofa ya tano wamekinyofoa kitabu,
wametandaza kurasa sakafuni,
na mama yao huvuka sebule kwa ncha za vidole
kama avukaye mto juu ya mawe.
Kijana Rasmus aliuweka ukurasa wa themanini na nane
juu ya mshumaa, apate kuona maandishi yaliyofichwa.
Alipata harufu ya nyusi zake.

Jina langu nalo limo humo. Ukurasa wa nne,
chini ya anwani ya kiwanda, dogo kama chawa:
Msahihishaji, L. Tamberg.
Hakuna aliyelisoma,
hata hawa wanaosoma kila kitu.

Mswada ulinijia Juni, umepigwa taipu,
na kikaratasi kimebanwa juu yake:
Tafadhali, msiguse kitu.
Waandishi wote huandika hivyo.
Nikachonga penseli nyekundu.

Ukurasa wa thelathini na moja, neno «kinyozi»
limepungukiwa herufi. Nikalipa.
Ukurasa wa sabini na saba, «theluji». Nikaipa.
Kisha «mkate», kisha «dada»,
kisha «ufunguo» (naam, ufunguo, wala sikushtuka),
na «kwaheri», karibu na mwisho.
Nilizirudisha herufi moja moja
kama umfungavyo mtoto vifungo vya koti
kabla hajatoka nje.
Usiku ule nilimwambia mume wangu:
Maskini mzee, macho yamemwishia.

Juma lililopita nimeutoa mswada chini ya kitanda.
Nimezifuata alama zangu nyekundu, moja baada ya nyingine,
nikaandika nyuma ya risiti ya maziwa.
Herufi sita.
Nikahesabu tena. Sita.

Pengo likiwa mwanzoni, ni jina la mwanamke.
Likiwa katikati, ni aina ya samaki.
Na jaribio ni moja.

Mwenye macho haambiwi tazama,
nami nimelipwa kwa macho haya miaka ishirini na sita.
Kosa moja lilinipita.
Limo humo, limechapwa, nakala elfu tatu,
linawakonyeza watu kwenye basi.

Nimwambie Endel? Ataifanyia nini mikato yake?
Na mimi je, nitasema nini:
kwamba nilikisafisha kitabu
hadi nikamwagia nje alichotuachia?
Au kwamba nilibakiza kidogo, kwa uzembe,
na uzembe huo ndio tumaini lililosalia?

Leo asubuhi nimenunua nakala, kwa bei kamili.
Mwenye duka akauliza: Nawe umo msakoni?
Nikasema, Hapana, nataka kusoma tu.
Paka alinitazama.

Ukurasa wa kwanza. Kidole, jicho, kidole.
Kufika wa kumi na mbili
dada wa kinyozi alikuwa anafuta vumbi kiti cha marehemu,
na kila mara anakiomba radhi kabla ya kukigusa.
Nilicheka peke yangu, jikoni, chai imepoa.
Kumbe nilikuwa nimeacha kutafuta.

Ikabidi nirudi mwanzo.